Intaneti ya Nyumbani: Pima Mtandao Kabla ya Kuulipia

Somo kwa wakazi wa Kata ya Hirbadaw

Huduma nyingi zilizokuwa zikimlazimu mkazi wa Hirbadaw kupanda gari hadi Katesh sasa huanzia kwenye skrini ya simu. Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinachoomba mkopo wa asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri hujaza maombi yake katika mfumo wa kielektroniki. Fundi au mzabuni anayetaka kazi za serikali hujisajili katika mfumo wa NeST, ulioanza kutumika mwaka 2023. Kijana anayekwenda chuo kikuu huomba mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao, na mhitimu anayetafuta kazi ya utumishi wa umma hutuma maombi yake Sekretarieti ya Ajira kwa njia hiyo hiyo. Kila maombi yana siku ya mwisho. Mtandao ukikwama usiku wa siku hiyo, aliyechelewa hana wa kumlilia.

Kwa sababu hiyo kaya nyingi zimeanza kufikiria kuwa na intaneti ya nyumbani, yaani huduma inayokaa ndani ya nyumba na kutumiwa na watu kadhaa kwa pamoja. Swali linaloulizwa kwanza huwa moja: mtandao upi ni bora? Somo hili linaeleza kwa nini swali hilo halina jibu moja kwa kata nzima, na jinsi kila kaya inavyoweza kupata jibu lake kwa daftari, kalamu na siku saba za uangalifu. Gharama ya kukosea si ndogo. Mkulima aliyeuza magunia ya mahindi au alizeti akanunua ruta isiyoshika mawimbi nyumbani kwake amepoteza fedha, na amepoteza pia msimu mzima wa kusubiri fedha nyingine.

1. Safari ya intaneti hadi Hirbadaw

Intaneti inayofika Tanzania hupita kwa sehemu kubwa katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ukaanza kazi mwaka 2010. Kutoka pwani, mawasiliano husafiri nchi kavu katika nyaya za nyuzi za kioo, ambazo wengi huziita faiba. Uti wa mgongo wa njia hizo ni Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao husimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL. Kutoka kwenye faiba, mawasiliano huhamishiwa kwenye mnara wa simu, mara nyingine kwa waya na mara nyingine kwa madishi yanayotazamana kutoka kilima hadi kilima. Hatua ya mwisho ni ya mawimbi ya hewani, kutoka mnarani hadi kwenye simu au ruta iliyo nyumbani.

Mnyororo huo una pingu nyingi, na kila pingu inaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za SEACOM na EASSy zilipata hitilafu baharini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo, anayetupa laini yake na kununua nyingine huenda asipate nafuu, kwa kuwa kasoro haiko kwenye mnara wa kijijini. Ndiyo maana anayechagua mtandao hujiuliza kwanza: tatizo liko kwa kila mtu nchini, kwa kila mtu kijijini, au ndani ya nyumba yake tu? Majibu matatu hayo huleta maamuzi matatu tofauti.

2. Njia tatu za kuleta intaneti nyumbani

Njia ya kwanza ni faiba inayoingia hadi ndani ya nyumba. Ndiyo imara zaidi, kwa sababu kioo hakisumbuliwi na kilima wala miti, na kasi yake haipungui sana usiku. Lakini waya huo hufuata miji na majengo yaliyosongamana. Kaya zilizotawanyika mashambani humgharimu mtoa huduma kilomita nyingi za waya kwa wateja wachache. Mkazi anayeambiwa kwamba faiba imefika aombe kuonyeshwa kisanduku cha kuunganishia kilicho karibu na nyumba yake kabla ya kulipa chochote.

Njia ya pili ni mnara wa simu, na ndiyo njia ya Hirbadaw. Kampuni zinazotoa huduma hii nchini ni pamoja na Vodacom, Airtel, Halotel, TTCL, na Yas, iliyokuwa ikiitwa Tigo hadi Novemba 2024. Huduma huja kwa sura mbili. Sura moja ni kifurushi cha kawaida cha simu, au bando, ambacho mwenye simu huweza kuwagawia wengine nyumbani kwa kuwasha sehemu ya kugawa intaneti. Sura nyingine ni ruta yenye laini yake, inayowashwa sebuleni na kuhudumia simu na kompyuta kadhaa kwa wakati mmoja. Sura hizi mbili hutegemea mnara ule ule. Ruta nzuri yenye antena kubwa inaweza kushika mawimbi kuliko simu, lakini haiwezi kuumba mawimbi mahali yasipofika.

Njia ya tatu ni setilaiti. Zipo setilaiti za zamani zinazokaa umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ujumbe hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka; safari hiyo ya kilomita zaidi ya 140,000 huchukua karibu nusu sekunde hata kwa mwendo wa mwanga. Anayepiga simu ya video huona mazungumzo yakigongana. Setilaiti mpya za Starlink huzunguka chini zaidi, takriban kilomita 550 kutoka ardhini, na ucheleweshaji wake ni mdogo. Nchini Kenya huduma hiyo ilianza mwaka 2023. Habari zake huvuka mpaka pamoja na madishi yenyewe, na hapo ndipo tahadhari inapohitajika. Kifaa kilichosajiliwa nchi nyingine kinaweza kuzimwa na mwenye huduma, na mnunuzi hana mahali pa kudai. Anayeuziwa dishi aulize mambo mawili: kama mtoa huduma ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na kama kifaa kimeidhinishwa kutumika nchini. Jibu la «wengi wanatumia» si leseni.

3. Kwa nini jirani anapata na wewe hupati

Mawimbi ya simu husafiri kama mwanga wa taa kuliko kama maji ya mfereji. Hupungua kadiri umbali unavyoongezeka, huzuiwa na kilima, na hudhoofika yanapopita ukutani. Nyumba iliyo kwenye mgongo wa kilima inaweza kuuona mnara ulio mbali, huku nyumba iliyo bondeni, mita mia tatu tu kutoka hapo, ikabaki kivulini. Paa la bati nalo hurudisha mawimbi. Ndiyo sababu simu inayoshika vizuri uani hupoteza nguvu inapoingizwa chumbani. Matofali mazito hupunguza zaidi kuliko dirisha lililo wazi.

Masafa pia yana tabia zake. Mawimbi ya masafa ya chini, yaliyo pungufu ya megahezi 1,000, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Mawimbi ya masafa ya juu hubeba mzigo mkubwa wa data lakini huchoka mapema. Kampuni mbili zenye antena kwenye mnara mmoja zinaweza kwa hiyo kufika umbali tofauti, kulingana na masafa ambayo kila moja inatumia.

Sababu ya tatu ni msongamano. Uwezo wa mnara hugawanywa miongoni mwa wote wanaoutumia kwa saa ile. Mchana watu wako shambani na kwenye malisho, mnara una nafasi. Ifikapo saa mbili usiku kila mtu amerudi, simu zote zimewashwa, na kasi hushuka. Mtandao wenye wateja wengi katika eneo unaweza kuwa na mawimbi yenye nguvu na bado ukawa wa polepole kuliko mtandao wenye wateja wachache na mawimbi ya wastani.

Sababu ya nne ni umeme wa mnara wenyewe. Mnara usio na betri za kutosha au jenereta hunyamaza umeme unapokatika. Mkazi mwenye umeme wa jua nyumbani anaweza kuwa na taa na ruta inayowaka, na bado asiwe na intaneti.

Sababu hizi nne zinaonyesha kwa nini sifa njema za mtandao fulani huko Katesh, Haydom au Arusha hazithibitishi lolote kuhusu nyumba iliyo Hirbadaw.

4. Jaribio la siku saba

Kipimo kinachofaa ni kile kinachofanyika mahali ambapo huduma itatumiwa, na saa ambazo itatumiwa. Hatua zake ni hizi.

Hatua ya kwanza ni kuorodhesha mitandao yote inayosikika kijijini na kutafuta laini za kujaribia. Ndugu na majirani wanaweza kuazimana simu kwa dakika chache. Atakayeamua kununua laini yake aisajili kwa kitambulisho chake cha NIDA na alama zake za vidole, kama utaratibu ulioanza mwaka 2019 unavyotaka. Kisha apige *106# kuhakikisha kwamba hakuna namba nyingine iliyosajiliwa kwa jina lake bila yeye kujua.

Hatua ya pili ni kununua kifurushi kidogo cha siku kwa kila mtandao. Hiyo ndiyo gharama ya jaribio zima, na ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya ruta.

Hatua ya tatu ni kuchagua sehemu tatu za nyumba: sebuleni, dirishani upande unaoelekea mnara, na nje uani. Simu inayotumika iwe moja, au za aina moja, ili tofauti itakayoonekana iwe ya mtandao na si ya simu.

Hatua ya nne ni kupima mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa mbili usiku. Kipimo cha usiku kisirukwe, kwa kuwa ndicho kinachofanana na maisha ya nyumbani.

Hatua ya tano ni kuandika mambo manne kila mara. Kwanza, herufi inayoonekana juu ya skrini. «E» ni teknolojia ya zamani inayotosha ujumbe wa maandishi tu. «H» huwezesha picha na kazi nyepesi. «4G» ndiyo inayofaa nyumba yenye watumiaji kadhaa. Pili, nguvu ya mawimbi. Simu nyingi huionyesha katika mipangilio, sehemu ya hali ya laini, kama namba hasi. Kwa 4G, namba iliyo karibu na hasi 85 ni nzuri, hasi 100 ni ya wastani, na hasi 115 ni dhaifu sana. Tatu, sekunde zinazotumika kupakua faili moja lile lile, kwa mfano waraka wa megabaiti 10. Nne, kama mazungumzo ya dakika mbili kwa WhatsApp yalikatika au la.

Hatua ya sita ni kupima kutuma, si kupokea tu. Anayeomba mkopo au ajira hupandisha picha za vyeti na nyaraka, na mitandao mingi hupokea haraka lakini hutuma polepole. Picha ya cheti itumwe kwa ndugu, na muda uandikwe.

Hatua ya saba ni kutumia bahati ya hali mbaya. Umeme ukikatika au mvua kubwa ikinyesha katika siku hizo saba, hiyo ndiyo saa ya kupima. Mtandao unaobaki hewani saa hiyo unastahili alama ya ziada.

Mfano wa matokeo utasaidia. Tuseme mtandao wa kwanza ulipakua faili la megabaiti 10 kwa sekunde 20 mchana, lakini ukachukua sekunde 190 usiku. Mtandao wa pili ulichukua sekunde 45 mchana na 60 usiku. Baiti moja ni biti nane, hivyo faili hilo ni megabiti 80. Mtandao wa kwanza una megabiti 4 kwa sekunde mchana, na chini ya nusu megabiti usiku. Wa pili una megabiti 1.8 mchana na 1.3 usiku. Tangazo lingemsifu wa kwanza. Daftari linamsifu wa pili, kwa sababu kaya inayokusanyika usiku haina kazi na kasi ya mchana.

Hesabu hiyo inafunua pia jambo linalowachanganya wengi. Kampuni hutangaza kasi kwa megabiti, na hupima kifurushi kwa megabaiti au gigabaiti. Huduma ya megabiti 8 kwa sekunde hupakua megabaiti moja tu kwa sekunde. Hakuna udanganyifu katika hilo, ila asiyejua hujiona amepunjwa.

5. Hesabu ya mahitaji na hesabu ya bei

Baada ya kujua mtandao unaofika, kaya hukadiria kiasi inachotumia. Ujumbe wa maandishi hula kidogo mno. Video ya ubora wa kawaida hula takriban gigabaiti 0.7 kwa saa moja, na video ya ubora wa juu inaweza kufikia gigabaiti 3 kwa saa. Kwa hiyo kinachoamua bili ya kaya si idadi ya watu bali ni saa za video. Simu nyingi huonyesha matumizi ya mwezi uliopita katika mipangilio; namba hizo zijumlishwe kwa simu zote za nyumbani.

Bei hulinganishwa kwa gigabaiti zilizotumika kweli, si kwa zilizoandikwa kwenye tangazo. Chukua bei hizi za mfano wa zoezi. Kifurushi cha wiki kina gigabaiti 5 kwa shilingi 8,000, yaani shilingi 1,600 kwa gigabaiti. Kifurushi cha mwezi kina gigabaiti 20 kwa shilingi 36,000, yaani shilingi 1,800 kwa gigabaiti. Cha wiki kinaonekana nafuu. Sasa tazama kaya inayotumia gigabaiti 3 wiki ya kwanza, 3 wiki ya pili, 8 wiki ya tatu watoto wanaporudi likizo, na 4 wiki ya nne. Jumla ni gigabaiti 18. Kwa vifurushi vya wiki itahitaji vitano, kwa kuwa wiki ya tatu inadai viwili. Hiyo ni shilingi 40,000, na bado kilichobaki kila wiki kimepotea. Kwa kifurushi cha mwezi italipa shilingi 36,000 na kubakiwa na gigabaiti 2.

Lakini hesabu hiyo hugeuka kwa mfugaji au mfanyabiashara wa mnadani anayekaa nyumbani wiki mbili tu kwa mwezi. Yeye atanunua vifurushi viwili vya wiki kwa shilingi 16,000 na kuachana na cha mwezi. Kipato cha msimu nacho kina neno lake: kaya inayopata fedha wakati wa mavuno isijifunge kwa malipo ya kila mwezi ambayo Februari haitayamudu.

Gharama ya ruta iingizwe katika hesabu. Ruta ya shilingi 150,000 ikigawanywa kwa miezi 12 ni shilingi 12,500 kila mwezi juu ya bei ya kifurushi. Umeme nao uhesabiwe. Ruta ya wati 10 ikiwaka saa 24 hutumia uniti 0.24 kwa siku, au uniti 7.2 kwa siku 30. Kwa mwenye umeme wa TANESCO hilo ni dogo. Kwa anayetegemea umeme wa jua ni zito: betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 20 ina takriban wati-saa 240, na ruta hiyo peke yake ingeimaliza kwa siku moja. Dawa ni kuzima ruta wakati haitumiki, au kuchagua ruta ndogo yenye betri yake.

Na iko kaya isiyohitaji ruta kabisa. Nyumba yenye simu mbili, isiyo na kompyuta wala mwanafunzi wa chuo, hupata inachohitaji kwa kifurushi cha kawaida cha simu. Muuzaji hatalisema hilo.

6. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Mkazi anayekwenda dukani au kwa wakala abebe maswali haya kwa maandishi na asione haya kuyasoma:

Je, huduma ni ya gigabaiti zilizopimwa au isiyo na kikomo? Kama haina kikomo, kasi hupunguzwa baada ya kiasi gani cha matumizi, na hushuka hadi ngapi? Vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo vina mpaka wa aina hiyo ndani ya masharti.

Je, ruta imefungwa kwa mtandao mmoja au inakubali laini yoyote? Ruta iliyofungwa huwa bure ukutani siku mnara wa kampuni hiyo unapozidiwa.

Je, mkataba ni wa miezi mingapi, na anayetaka kutoka mapema analipa nini?

Je, ruta inaweza kurudishwa kama haishiki nyumbani, na ndani ya siku ngapi? Jibu liandikwe kwenye risiti. Ahadi ya mdomo haina mahali pa kupelekwa.

Je, inaruhusiwa kuwagawia majirani? Kuwasaidia wa nyumbani ni jambo moja. Kuuza intaneti ni biashara inayohitaji leseni, na mkataba unaweza kuikataza.

7. Haki za mteja

Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na kanuni zake humlinda mtumiaji, ilimradi azijue. Kanuni za vifurushi zilizotangazwa na TCRA na kuanza Aprili 2021 zinamtaka mtoa huduma amjulishe mteja kifurushi kinapofikia asilimia 75 ya matumizi na kinapokwisha. Zinamwezesha mteja kuendelea kutumia salio la kifurushi akinunua tena kifurushi kile kile kabla muda haujaisha, na kumhamishia mteja mwingine wa mtandao huo huo sehemu ya kifurushi chake.

Tangu Machi 2017 mteja wa simu anaweza pia kuhama kampuni bila kubadili namba yake. Huenda kwa wakala wa kampuni anayohamia akiwa na kitambulisho, na namba inayojulikana na wateja, ndugu na benki hubaki ile ile. Kwa hiyo hofu ya kupoteza namba isimfunge mtu kwenye mtandao usiomfaa.

Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, na mlalamikaji huomba namba ya kumbukumbu na kuandika tarehe. Asiporidhika, hupeleka shauri TCRA akiambatisha kumbukumbu hizo. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalosemea maslahi ya watumiaji. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na ule unaoahidi ruta za bure kwa anayetuma fedha za «usajili», hutumwa kwenye namba 15040 pamoja na namba iliyoutuma.

8. Laini ya akiba

Wakazi wa Hanang hawahitaji kukumbushwa tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yalipoua zaidi ya watu 80 katika Katesh na vijiji vya jirani. Siku ya maafa, mawasiliano ni sehemu ya uokoaji: tahadhari ya mvua kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, simu ya kumtafuta ndugu, wito wa gari la wagonjwa. Kaya iliyoweka tegemeo lake lote kwenye mnara mmoja hubaki gizani mnara huo unaponyamaza. Busara ni kuwa na laini ya pili ya mtandao tofauti, iliyosajiliwa kihalali na yenye salio dogo, ikikaa katika simu ya mtu mzima nyumbani. Mtandao ulioshika nafasi ya pili katika jaribio la siku saba ndio unaofaa kazi hiyo, hasa ikiwa ulibaki hewani umeme ulipokatika. Kabla ya kununua, mkazi aulize kama kampuni zote mbili zinatumia mnara mmoja; kama ni hivyo, mnara ukianguka huanguka na laini zote mbili.

9. Daftari la kaya na sauti ya kata

Jaribio la siku saba lina faida inayovuka ukuta wa nyumba. Serikali huwezesha ujenzi wa minara vijijini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF. Mei 2023 mfuko huo ulitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Maombi ya kijiji husikilizwa vizuri zaidi yanapokuja na ushahidi. Malalamiko ya «mtandao ni mbovu» hayamwonyeshi mhandisi pa kuanzia. Orodha ya kaya ishirini za kitongoji kimoja, yenye saa, herufi za skrini na namba za mawimbi, inamwonyesha kivuli kiko wapi. Kaya zilizopima zinaweza kuwasilisha orodha hiyo katika mkutano wa kijiji, ikaingia katika muhtasari na kufikishwa kwa Mtendaji wa Kata na Diwani.

Maswali ya kujipima

1. Nyumba yako iko kwenye mgongo wa kilima au bondeni? Mnara ulio karibu uko upande gani?
2. Faili la megabaiti 10 lilipakuliwa kwa sekunde 40. Kasi yake ni megabiti ngapi kwa sekunde? (Jibu: 2.)
3. Kaya yako ilitumia gigabaiti ngapi mwezi uliopita, na ngapi kati ya hizo zilikuwa za video?
4. Ruta unayotaka inatumia wati ngapi, na betri yako ya jua itaibeba kwa saa ngapi?
5. Laini yako ya akiba ni ya mtandao gani, na mara ya mwisho uliijaribu lini?

Anayeweza kujibu maswali yote matano yuko tayari kwenda dukani. Asiyeweza kujibu la kwanza na la tatu asubiri wiki moja zaidi, na fedha zake zibaki mfukoni.